Q6600 kutoka GHz 2.4 hadi 3.0 kwa kipande cha tepu: nilivyofanya hapa Dodoma

Fundi_Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimewaahidi watu tangu mwezi wa saba. Leo nimekaa niuandike wote, maana kila anayepita kibandani kwangu ananiuliza jambo lilelile.

Mashine ni Dell OptiPlex 755 ya mtumba, ile mini tower, chipseti yake (chipu kuu ya mazabodi) Q35, RAM ya DDR2 GB 8, prosesa Core 2 Quad Q6600. Prosesa hiyo Intel walianza kuiuza Januari 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilipoanzishwa. Kwa umri huo wengi wangeshaitupa. Mimi ndiyo inayonilisha. Nahariri video za sendofu, harusi na kipaimara, na kazi ya kubana video hutumia kori zote nne bila kupumzika. Shida ilikuwa muda. Kazi moja ya kawaida ilichukua dakika 58 kutoka, na baada ya mavuno, harusi zikianza, kazi za namna hiyo hujaa mezani. Hela ya mashine mpya bado sina, na Januari kuna ada za watoto.

Kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayowaka kwanza) ya hizi mashine za ofisini hakuna mahali pa kupandisha kasi. Pamefungwa kabisa. Kwa hiyo ukitaka kasi zaidi, unaifuata kwenye prosesa yenyewe kwa mkono.

Prosesa za kizazi hiki kasi yake ni zao la namba mbili: mwendo wa FSB (njia inayounganisha prosesa na mazabodi) na kizidisho. Q6600 ina kizidisho cha 9, na kimefungwa, hakipandi. FSB yake ni MHz 266. Tisa mara 266 unapata 2,400. Kizidisho huwezi kukigusa, lakini FSB unaweza, kwa sababu mazabodi haiijui FSB ya prosesa hadi iambiwe na prosesa yenyewe. Chini ya prosesa kuna vidoti 775 vya dhahabu. Vitatu kati ya hivyo, vinavyoitwa BSEL0, BSEL1 na BSEL2, kazi yake ni kuiambia mazabodi: "mimi ni wa mwendo fulani." Kila kimoja kinasema chini au juu, sifuri au moja. Kwa Q6600 vyote vitatu viko sifuri, na hiyo maana yake ni 266. BSEL2 ikiwa moja na zile mbili zikabaki sifuri, mazabodi inaelewa 333. Tisa mara 333 ni GHz 3.0.

BSEL2 unaifanyaje iwe moja? Unaiziba tu. Kidoti kisipogusana na pini ya soketi, mazabodi inavuta laini hiyo juu na kuisoma kama moja. Hakuna kulehemu wala risasi. Kipande cha tepu kisichozidi upana wa punje ya mtama.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mazabodi inaamini imewekewa prosesa halali ya FSB 1333 (333 mara nne), kwa hiyo inapanga kila kitu kingine kwa utaratibu wake. RAM inabaki ndani ya kasi yake, na PCI Express (njia ya kadi za ziada) haiguswi. Lakini lazima chipseti iwe inaikubali 1333. Q35 inakubali, kwa hiyo OptiPlex 755 na HP dc7800 zimo. OptiPlex 745 yenye Q965 mwisho wake ni 1066, msihangaike nayo.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome polepole.

Kabla hata ya kufikiria tepu, nilisafisha mashine. Niliifungua nikakuta vumbi letu hili jekundu limeshonana kwenye mapezi ya hitisinki (chuma kinachopoza prosesa) kama blanketi. OptiPlex hizi feni yake kubwa iko mbele, inavuta hewa kupitia kava la plastiki hadi kwenye hitisinki, kwa hiyo vumbi lote la barabara ya Nkuhungu linapita hapo kwanza. Nilitumia blowa, feni nimeishika kwa kidole isizunguke. Ukienda kupuliziwa kwa kompresa ya gereji, mwambie fundi atoe kwanza upepo pembeni, ile mitungi huwa na maji. Nikafuta pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, iliyokauka kama chokaa, nikapaka mpya, tone dogo katikati. Kori zilikuwa zinafika nyuzi 78 kazini. Baada ya usafi tu zikashuka hadi 61, na mashine bado iko 2.4. Kama usingefanya kingine chochote, hilo peke yake lina thamani.

Kisha soma maandishi ya juu ya kifuniko cha prosesa. Ukiona SLACR, hiyo ni toleo la G0, wati 95. Ukiona SL9UM, hiyo ni B3, wati 105, na kikomo chake cha joto ni cha chini zaidi. Yangu ni SLACR. Mwenye B3 ningemshauri aridhike na usafi.

Kidoti cha BSEL2 kinaitwa G30. Safu zinapewa herufi na nguzo zinapewa namba 1 hadi 30, kwa hiyo G30 iko kwenye nguzo ya mwisho kabisa, pembezoni, safu ya saba ukihesabu kutoka A. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: mchoro wa Intel umechorwa kana kwamba unaitazama prosesa kutoka juu. Wewe umeigeuza, unaona tumbo lake. Kushoto kunakuwa kulia. Mimi niliuchapa mchoro, nikaushika dhidi ya taa na kuutazama kwa nyuma ya karatasi, ukakaa sawa na prosesa.

Tepu usitumie ile nyeusi ya mafundi umeme, ni nene mno. Mafundi simu wana tepu nyembamba ya rangi ya kahawia-njano inayostahimili joto, nilikatiwa sentimita mbili bure pale sokoni Sabasaba. Umbali kati ya kidoti na kidoti ni kama milimita 1.1, kwa hiyo kipande kisifike milimita moja na nusu. Nilikata kwa wembe mpya na kukiweka kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, nikakikandamiza kwa ncha ya kijiti. Futa kidoti kwanza kwa spiriti, ukiacha mafuta ya kidole tepu itateleza.

Na jamani, gusa bati la kesi kabla ya kushika prosesa. Kiangazi chetu ni kikavu, ukivua sweta la usiku unaona cheche. Cheche hiyohiyo inaua chipu.

Nikafunga. Ikawaka mara ya kwanza, BIOS ikaandika 3.00 GHz, FSB 1333. Nilikaa nikaitazama kwa muda. Ile kazi ya dakika 58 sasa inatoka kwa dakika 47.

Lakini kuwaka hakutoshi. Niliendesha memtest (programu ya kupima RAM) usiku kucha, kesho yake Prime95 (ya kuikamua prosesa) saa kumi na mbili mfululizo. Ikipita bila kosa ndipo nikarudisha kazi za watu juu yake. Video ya harusi haina marudio, siwezi kuiweka kwenye mashine ambayo sijaijaribu.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti_Hombolo

Asante sana kaka, umeeleza hadi nimeelewa mimi ambaye sijawahi kufungua kompyuta. Nina steshenari Makole, mashine yangu ina Pentium E2160. Na mimi naweza kuziba hiyo G30?

---

Fundi_Nkuhungu

Karibu dada. Yako usiizibe. E2160 inaanzia FSB 200, na katika lugha ya vile vidoti 200 ni BSEL1 ikiwa moja, nyingine sifuri. Kwenda 266 kunahitaji BSEL1 ishuke iwe sifuri, na kidoti hakishuki kwa kuzibwa. Inabidi ukiunganishe na kidoti cha ardhi kwa rangi inayopitisha umeme, ile ya kurekebisha nyaya za kioo cha nyuma cha gari. Inafanyika, na 1.8 yako ingekuwa 2.4. Ila kosa la nusu milimita unaunganisha usichokusudia, na prosesa inaweza kufa pamoja na mazabodi. Steshenari ni kuchapa na kutoa kopi. Fanya ule usafi, ongeza RAM, na ukiweza weka SSD badala ya diski kuu ya zamani. Utaona tofauti kubwa kuliko ovakloki (kupandisha kasi) yoyote.

---

Mzee_wa_Slot1

Wanangu, mmenikumbusha mbali. Mwaka 1998 ilitoka Celeron 300A, FSB 66, kizidisho 4.5. Tuliziba pini moja tu kwenye ile Slot 1 (soketi ya mfereji ya wakati huo), B21, bodi ikaisoma kama 100, Celeron ya 300 ikakimbia 450. Nyingi zilikubali bila kulalamika.

Halafu AMD, zile Athlon za Thunderbird za mwaka 2000. Juu ya prosesa kulikuwa na vijidaraja vya L1 vilivyokatwa kiwandani ili kizidisho kifungwe. Tulivirudisha kwa penseli. Penseli ya kawaida ya shule, maana risasi ya penseli ni grafiti na grafiti inapitisha umeme. Unachora mstari mdogo kati ya nukta na nukta, ukiangalia usiguse jirani. Baada ya miezi grafiti ilikuwa inafifia na mashine inarudi kasi ya zamani, unachora tena. Athlon XP zilipokuja 2001, AMD walikuwa wamekata kwa leza hadi kukawa na vishimo, ikabidi kwanza uvijaze kwa gundi ndipo upitishe rangi juu. Penseli peke yake haikufanya kazi tena.

Nimefurahi kuona kijana wa Nkuhungu anaendeleza.

---

Fundi_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Hiyo ya penseli nilikuwa naisikia tu kwa fundi aliyenifundisha kazi, sikujua kwa nini iliishia njiani. Kumbe ni vile vishimo. Asante sana.

---

Mzee_wa_Slot1

Marahaba mwanangu.

---

Msomi_wa_Chimwaga

Mkuu, nakubaliana na yote, nina mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza ni wati. Nguvu inayoliwa na prosesa inapanda sambamba na kasi, na inapanda kwa mraba wa voltiji. Wewe hukugusa voltiji, kwa hiyo kasi imepanda asilimia 25 na nguvu kwa makadirio hayohayo: kutoka 95 hadi kama 119 mashine ikiwa kazini kabisa. Pawasaplai ya mini tower ni wati 305, inatosha kama huna kadi kubwa ya picha. Ukifanya kazi saa nane kwa siku unaongeza takribani uniti 0.2 kwenye LUKU. Ni ndogo. Ila ndiyo maana nawasihi watu wasiende kuziba vidoti vya VID, vile vinavyoiagiza mazabodi voltiji. Ukipandisha kutoka volti 1.25 hadi 1.40, voltiji peke yake imekuongezea robo nzima ya joto juu ya ile robo ya kasi, na saketi za umeme kwenye mazabodi za ofisini hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

La pili ni hapa tunapoishi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 10. Feni inasukuma ujazo uleule lakini hewa iliyomo ni pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Mtu wa Dar akikuambia mashine yake inakaa nyuzi fulani na hitisinki fulani, usiichukue namba yake ilivyo. Kwa upande mwingine usiku wetu wa mwezi wa saba ni baridi sana, na hiyo inadanganya. Wewe ulipima Julai. Umepima Oktoba mchana?

---

Fundi_Nkuhungu

Swali zuri sana, na ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Julai usiku kori zilikuwa 66 baada ya tepu. Jumamosi iliyopita saa nane mchana, bati la kibanda linawaka, zilifika 76. Nilitoboa dirisha la pili ukutani na kuinua mashine kutoka sakafuni hadi juu ya meza, ikashuka 72 na vumbi likapungua. Intel wameweka kikomo cha nyuzi 71 kwa G0, ila hiyo inapimwa juu ya kifuniko cha chuma, katikati. Ndani ya kori usomaji huwa juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo niko salama, lakini sina nafasi kubwa. Kazi nzito sasa naziwasha kuanzia saa moja jioni.

---

Manyoni_Express

Wakuu, kuna video nimeona jamaa anakata kifuniko cha prosesa kwa wembe, anabadilisha pesti ya ndani, joto linashuka sana. Kwa Q6600 si ndiyo tiba ya hilo joto la Oktoba?

---

Fundi_Nkuhungu

Hapana ndugu yangu, usithubutu. Hizo za kwenye video ni za baadaye, kama Ivy Bridge ya 2012, ambazo ndani zimepakwa pesti. Q6600 kifuniko chake kimelehemewa kwa indiamu moja kwa moja juu ya silikoni. Ukivuta kwa wembe, silikoni inang'oka pamoja na kifuniko. Na indiamu inapitisha joto vizuri kuliko pesti yoyote utakayoweka.

Kinachofaa ni msasa. Vifuniko vya Q6600 vinajulikana kuwa na bonde katikati, havikai sawasawa na hitisinki. Laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, sugua taratibu huku unageuza prosesa robo kila baada ya mizunguko kumi, kisha 800, kisha 1200. Nikeli ya fedha itaondoka uone shaba nyekundu. Ukiweka rula juu yake na mwanga usipite, umemaliza. Vidoti vya chini vifunikwe muda wote. Ile namba ya SLACR itafutika, ipige picha kwanza. Kwangu ilinipa nyuzi tatu.

---

Kongwa_Kwetu

Mkuu nimefuata kila hatua, nina HP dc7800 na Q6600 SLACR. Imewaka, lakini BIOS inasema 1.80 GHz! Imeshuka badala ya kupanda. Nimeiua?

---

Fundi_Nkuhungu

Hujaiua hata kidogo, tulia. Hiyo namba yenyewe inatuambia ulichofanya. 1.8 gawanya kwa 9 ni 200. Na 200 ni BSEL1 ikiwa moja. Kwa hiyo umeziba H30, jirani wa G30 kwenye nguzo hiyohiyo ya pembezoni. Umehesabu safu moja zaidi, au tepu imeteleza ulipofunga lachi ya soketi.

Kama ungeziba BSEL0, ambayo ni G29, ungepata agizo la 133, ambalo kwa kizidisho cha 9 ni 1.2, na mazabodi nyingi haziwaki kabisa hapo. Kwa hiyo nawe ukifungua, angalia H30. Toa tepu, futa gundi kwa spiriti, na mulika tochi ndani ya soketi uone kama kuna pini imebaki na gundi au imepinda. Usiiguse pini kwa kidole. Halafu hesabu upya kutoka A.

---

Mtaa_wa_Kisasa

Na ile ya kuweka Xeon (prosesa ya seva) ya soketi 771 kwenye 775 mnaionaje? Nimeona E5450 zinauzwa bei ya chini sana.

---

Fundi_Nkuhungu

Ni njia nzuri, na kwa kweli mwenye hela ya kuagiza angeanzia hapo. E5450 inatoka kiwandani na GHz 3.0, FSB 1333, kachi MB 12, wati 80 tu. Inapata baridi kuliko Q6600 yangu iliyopandishwa. Lakini inahitaji stika inayobadilishana vidoti viwili, unakata vijino viwili vya plastiki kwenye soketi, na BIOS lazima iwe na maikrokodi yake (maelekezo ya ndani ya prosesa hiyo) la sivyo haiwaki au inafanya vituko. Kwa BIOS za mashine za ofisini hicho ndicho kikwazo. Hilo linastahili uzi wake.

---

Binti_Hombolo

Kaka, nikipandisha kasi nitaweza kuweka Windows 11?

---

Fundi_Nkuhungu

Hapana dada, na hili niliweke wazi kwa wote. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inadai maagizo ya SSE4.2, na Core 2 zote hazina. Hata ile Xeon inaishia SSE4.1. Kasi inaongeza mwendo wa kile ambacho prosesa tayari inakijua, haiifundishi kitu kipya. Na Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Mimi nimehamia Linux, uhariri nafanya kwa Kdenlive, na mashine imekuwa nyepesi zaidi. Ukipita Nkuhungu nitakuwekea, njoo na flashi ya GB 8.

---

Kongwa_Kwetu

Wakuu nimerudi. Ilikuwa H30 kweli, tepu ilikuwa imekaa safu ya nane. Nimeweka upya, sasa inasoma 3.00. Memtest imepita mizunguko minne. Prime95 ilikosea kori ya tatu baada ya saa mbili, nikafungua nikakuta pesti nimepaka kidogo mno upande mmoja. Nimepaka tena, jana usiku imeenda saa kumi na moja bila kosa, joto 69. Umeme ulikatika alfajiri ndiyo maana haikufika kumi na mbili. Nairudia leo. Asante sana mkuu, Mungu akubariki.

---

Fundi_Nkuhungu

Hongera sana! Irudie kweli, na ikifika kumi na mbili irudie tena siku ya joto kali saa nane mchana.

Na jambo moja la mwisho kabla hujafunga kifuniko cha kesi. Chukua maka pen, andika kwa ndani kwenye bati: Q6600 SLACR, G30 imezibwa kwa tepu, na tarehe. Siku moja utaiuza au utampa mdogo wako, na fundi atakayeifungua atahangaika kutwa akitafuta kwa nini Q6600 inasoma 3.0.

---

Kongwa_Kwetu

Nimeshaandika mkuu. Nimeweka na jina la uzi huu chini yake.